Usingizi unapomkimbia anayeacha pombe: Sababu, hatari na jinsi ya kukabiliana na mikesha

WATU wengi wanapokata shauri kuacha pombe hujiandaa kupambana na kiu ya kileo, ushawishi wa marafiki na maswali ya wale waliozoea kuwaona baani. Jambo ambalo wengi wao huwa hawakulitarajia ni kukosa usingizi.

Usiku wa kwanza hupita bila hata lepe la usingizi. Wa pili nao huwa vivyo hivyo. Kufikia mwisho wa wiki, mtu aliyekuwa na nia thabiti huanza kujiambia kwamba glasi moja tu ya kumlaza haiwezi kumdhuru. Hapo ndipo juhudi zake zote huporomoka.

Suala hili lina uzito wa kipekee katika miji kama Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Kwa mujibu wa sensa, idadi ya wakazi wa kaunti hiyo iliongezeka kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019, na Kitengela ni mojawapo ya miji iliyopanuka kwa kasi.

Wakazi wengi wa mji huo hufanya kazi Nairobi, Mlolongo au Athi River. Hulazimika kurauka alfajiri ili wawahi magari katika Barabara ya Namanga kabla ya msongamano kuanza. Kwa dereva, mhudumu wa bodaboda au mfanyakazi wa kiwandani anayesimamia mashine, kukesha usiku kucha kunahatarisha maisha yake na ya wenzake.

Tatizo la ulevi nchini Kenya ni pana. Utafiti wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Ulevi na Mihadarati (NACADA) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe, na mmoja kati ya 20 alikuwa mraibu wa kinywaji hicho. Idadi hiyo ya waraibu ni zaidi ya watu milioni 1.3.

Ina maana kuwa kuna maelfu ya watu ambao wakati wowote ule wanajaribu kuacha. Wanapaswa kuelewa kinachowapata usiku, lini ni jambo la kuvumilia na lini ni jambo la kukimbilia hospitali.

Jinsi pombe inavyouhadaa ubongo

Imani kwamba pombe huleta usingizi ina ukweli nusu. Kileo humfanya mtu asinzie haraka, lakini huuharibu usingizi wenyewe.

Ubongo una kemikali za aina mbili zinazosawazishana. Moja, iitwayo GABA, hutuliza. Nyingine, iitwayo glutamati, huchangamsha. Pombe huipa nguvu ile ya kutuliza na kuizima ile ya kuchangamsha, na ndiyo sababu mnywaji hulegea na kusinzia.

Hata hivyo, ini huendelea kukivunjavunja kileo kwa mwendo wake wenyewe, na wala kahawa au maji baridi hayawezi kuliharakisha. Kileo kinapopungua mwilini katikati ya usiku, ubongo huzinduka. Mnywaji hushtuka, moyo ukimdunda, koo likiwa kavu na kibofu kimejaa. Kutoka hapo hadi asubuhi hupata usingizi wa mang'amung'amu tu.

Isitoshe, pombe hukandamiza awamu ya usingizi ambamo mtu huota ndoto, hasa katika nusu ya kwanza ya usiku. Awamu hii huusaidia ubongo kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Anayelala amelewa kila siku hujinyima sehemu ya manufaa hayo, hata kama alikoroma kwa saa nane.

Tena mwili huizoea pombe upesi. Baada ya siku chache tu za kunywa kila usiku, kiasi kilekile hakimlazi mtu tena kama mwanzo, naye huongeza. Chupa mbili huwa tatu, na tatu huwa tano.

Wazee wa Kimaasai waliitumia pombe ya asali katika sherehe na mabaraza yao, na kwa desturi morani hawakuruhusiwa kuinywa. Kileo kilikuwa na wakati wake, mahali pake na watu wake. Kinywaji kinachotafutwa kila usiku ili mtu alale ni jambo tofauti kabisa, na ndicho kinachoubadilisha ubongo.

Nini hutokea mtu anapoacha

Ubongo uliolemewa na pombe kwa miezi au miaka hujirekebisha ili uendelee kufanya kazi. Hupunguza uwezo wake wa kutulia na kuongeza ule wa kuchangamka, mfano wa dereva anayekanyaga mafuta zaidi kwa sababu breki zimegoma kuachia.

Siku pombe inapoondolewa ghafla, breki hizo huachia lakini mguu bado umekanyaga mafuta. Matokeo yake ni mwili unaotetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kichefuchefu na usingizi kupotea kabisa.

Dalili hizi kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya mtu kunywa kwa mara ya mwisho. Kwa walio wengi huwa kali zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kufikia mwisho wa wiki ya kwanza.

Katika wiki hiyo pia, ndoto zilizokandamizwa kwa muda mrefu hurudi kwa kishindo. Mtu huandamwa na jinamizi, au huota kwamba amekunywa na kuamka akijilaumu. Ndoto hizo hazina maana kwamba ameshindwa. Ni ubongo unaolipa deni lake.

Usingizi wenyewe huchelewa kurudi kuliko dalili nyingine. Kutetemeka kunaweza kuisha kwa siku chache, lakini ugumu wa kulala na kuamkaamka huendelea kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya watu kwa miezi. Usingizi mzito, ule wa pono unaoupumzisha mwili, unaweza kuchukua hata zaidi ya mwaka kurejea kikamilifu kwa mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimebainisha kuwa zaidi ya thuluthi moja ya watu walio katika miezi ya mwanzo ya kuacha pombe hukosa usingizi, na katika baadhi ya tafiti idadi hiyo hupita nusu. Vilevile imebainika kuwa wanaokosa usingizi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuirudia chupa.

Kwa hivyo, anayekesha katika wiki ya tatu asidhani kuwa ana kasoro ya pekee au kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila pombe. Anapitia hatua inayojulikana, na hatua hiyo ina mwisho.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Si kila mtu anayefaa kuacha pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Tofauti na dawa nyingi za kulevya, kuacha pombe kwa ghafla kunaweza kumuua mtu aliyeizoea mno.

Hatari ya kwanza ni kifafa, ambacho aghalabu hutokea kati ya saa 6 na 48 baada ya kunywa kwa mara ya mwisho, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani.

Hatari ya pili ni hali ambayo madaktari huiita deliriamu, inayozuka kati ya siku ya pili na ya nne. Mgonjwa huchanganyikiwa, asijue yuko wapi wala ni siku gani. Huona wadudu au watu wasiokuwepo, hupayuka, hupandwa na homa na mapigo ya moyo hayashikiki.

Katika familia nyingi, mgonjwa wa namna hii hudhaniwa kuwa amerogwa au amepagawa na majini, na muda wa thamani hupotea. Ukweli ni kwamba huu ni ugonjwa wa dharura. Bila matibabu, huua sehemu kubwa ya wanaoupata. Kwa matibabu, walio wengi hupona.

Hatari ya tatu ni ukosefu wa vitamini B1, iitwayo thiamini. Walevi wengi hula kidogo, na pombe huuzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, kuyumba wakati wa kutembea ilhali mtu hajanywa, na macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili. Mgonjwa asipopewa thiamini haraka, anaweza kupoteza kumbukumbu daima.

Wanaofaa kumwona daktari kabla ya kuacha ni wale wanaokunywa sana kila siku, wanaohitaji pombe ya asubuhi ili mikono iache kutetemeka, waliowahi kupata kifafa au kuchanganyikiwa walipojaribu kuacha, wazee, wajawazito na wenye maradhi mengine kama ya ini, moyo au kisukari.

Hospitalini, wahudumu hupima ukali wa dalili mara kwa mara, huangalia kiasi cha maji na madini mwilini, na humpa mgonjwa thiamini. Daktari anaweza pia kumpa dawa ya kutuliza kama vile diazepamu kwa siku chache tu, akiipunguza hatua kwa hatua. Dawa hizo humkinga mgonjwa dhidi ya kifafa na humwezesha kulala katika siku zile ngumu zaidi.

Kaunti ya Kajiado ina eneo la zaidi ya kilomita 21,000 mraba. Mkazi wa Kitengela yuko karibu na hospitali ya kaunti ndogo mjini humo, na huduma za juu zaidi zinapatikana katika hospitali ya rufaa mjini Kajiado au katika Hospitali ya Kitaifa ya Mathari jijini Nairobi. Lakini anayeishi katika vijiji vya ndani kuelekea Magadi au mpaka wa Tanzania anaweza kuwa mbali mno na daktari.

Mtu kama huyo anafaa kupanga mapema: aache wakati ambapo yuko karibu na jamaa, usafiri upo, na kuna mtu wa kukaa naye kwa siku 4 za kwanza usiku na mchana. Iwapo dalili zitakuwa kali na hospitali iko mbali, ni afadhali apunguze kiasi cha pombe polepole kwa ushauri wa mhudumu wa afya kuliko kukata ghafla.

Kitanda kiwe cha kulala

Mtu akishavuka wiki ya kwanza salama, kazi inayobaki ni kuufundisha mwili kulala upya. Hapa wengi hukosea kwa kutafuta tembe.

Mnamo 2016, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kuwa tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu kwa watu wazima iwe ya kubadilisha fikra na mienendo, kabla ya dawa. Wataalamu wa Ulaya walitoa pendekezo kama hilo mwaka 2017. Tiba hii hutolewa na mshauri au mwanasaikolojia, lakini misingi yake inaweza kufuatwa nyumbani.

Msingi wa kwanza ni kukifanya kitanda kuwa mahali pa kulala. Anayegaagaa kitandani kwa saa nyingi, akikodolea dari macho au akitazama simu, huufundisha ubongo wake kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Baadaye, hata akiwa amechoka, usingizi humruka mara tu anapojilaza.

Hivyo basi, anashauriwa aende kitandani anaposikia usingizi, si kwa sababu saa imefika. Ikipita takriban dakika 20 bila kulala, ainuke, akae kwenye kiti katika mwanga hafifu, afanye jambo tulivu kama kusoma au kukunja nguo, na arudi kitandani usingizi unapomjia. Ikibidi afanye hivyo mara tano kwa usiku mmoja, na afanye.

Katika nyumba za chumba kimoja ambazo ni nyingi Kitengela, hakuna sebule ya kuhamia. Kigoda au kiti kando ya kitanda kinatosha. La muhimu ni kutobaki amelala.

Msingi wa pili ni kuamka wakati uleule kila siku, hata Jumapili, bila kujali alilala saa ngapi. Mwili hupanga usiku wake kutokana na saa ya kuamka na mwanga wa jua la asubuhi. Anayelala hadi saa nne asubuhi ili kufidia usingizi wa jana huupoteza wa leo.

Kupunguza muda wa kulala

Msingi wa tatu huwashangaza wengi: anayekosa usingizi hushauriwa apunguze muda anaokaa kitandani.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayepanda kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Amekaa kitandani saa saba na nusu, lakini akijumlisha vipindi alivyolala anapata saa nne na nusu tu. Amelala asilimia 60 ya muda huo. Saa tatu zilizobaki ni za mahangaiko.

Mtu huyu anaweza kujiwekea muda wa saa tano: apande kitandani saa tano na nusu usiku, aamke saa kumi na nusu alfajiri kama kawaida. Baada ya siku kadhaa, uchovu uliojikusanya humfanya alale haraka na asiamkeamke. Akifika mahali ambapo analala angalau asilimia 85 ya muda aliomo kitandani kwa wiki nzima, anarudisha nyuma saa ya kulala kwa dakika 15, na kuendelea hivyo hivyo hadi apate muda unaomtosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Ili kufanya hesabu hiyo, anahitaji daftari. Kila asubuhi aandike alipanda kitandani saa ngapi, alikadiria kulala saa ngapi, aliamka mara ngapi na aliondoka kitandani lini. Daftari hilo lina faida nyingine: humwonyesha kwamba usiku aliodhani hakulala kabisa alipata saa mbili au tatu, na kwamba wiki ya tano ni afadhali kuliko ya pili.

Kuna tahadhari. Njia hii isianzishwe katika wiki ya kwanza ya kuacha pombe, na muda wa kitandani usipungue saa tano. Aliyewahi kupata kifafa au aliye na ugonjwa wa akili wenye vipindi vya msisimko mkubwa asiijaribu bila daktari. Madereva, wahudumu wa bodaboda na wanaotumia mashine wajihadhari, kwa kuwa siku za mwanzo huwa na usingizi mwingi wa mchana.

Chai, miraa na sigara

Mtu anayeacha pombe aghalabu huhamia kwenye kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho humfukuzia usingizi.

Chai ya majani na kahawa zina kafeini. Nusu ya kafeini aliyokunywa mtu hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Vikombe viwili vya chai nzito saa mbili usiku, ambavyo ni desturi katika nyumba nyingi, bado vinafanya kazi usiku wa manane. Inafaa aache chai na kahawa baada ya chakula cha mchana, na jioni anywe uji au maziwa moto. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini, tena nyingi.

Miraa na muguka ni tatizo kubwa zaidi. Majani hayo yana kemikali inayouchangamsha ubongo na kumwondolea mtu usingizi. Wengi waliotafuna miraa walizoea kuitumia pombe ili iwashushe. Anayeacha pombe na kubaki na muguka amejinyima breki na kushikilia mafuta. Ni vyema aviache vyote viwili.

Nikotini katika sigara pia huchangamsha, na uraibu wake humwamsha mvutaji usiku. Asiyeweza kuacha sigara wakati huohuo anapoacha pombe, angalau asivute katika saa mbili kabla ya kulala wala anapoamka usiku.

Kwa upande wa chakula, walevi wengi wamezoea kulala njaa. Mlo wa jioni wenye nafaka, maharagwe na mboga humsaidia. Hali kadhalika kutembea au kufanya kazi ya jasho mchana, lakini si muda mfupi kabla ya kulala.

Tembe zisizoandikwa na daktari

Kosa la hatari zaidi ni kununua dawa za usingizi dukani bila maagizo ya daktari.

Diazepamu na dawa za jamii yake hufanya kazi katika ubongo palepale pombe inapofanyia. Ndiyo maana zinafaa hospitalini kwa siku chache. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, mtu huhama uraibu mmoja na kuingia mwingine. Akizimeza kisha anywe pombe, pumzi inaweza kukatika akiwa usingizini.

Wapo wanaomeza dawa za mafua na mizio kwa sababu zinaleta usingizi. Mwili huzizoea upesi, nazo humwacha mtu mzito asubuhi, jambo lisilofaa kwa anayeendesha gari.

Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuziagiza ili kupunguza hamu ya pombe, na nyingine za kusaidia usingizi zisizoleta uraibu. Anayezihitaji amweleze daktari ukweli wote kuhusu kiasi alichokuwa akinywa. Kuficha ni kujidanganya, kwani dozi na aina ya dawa hutegemea maelezo hayo.

Daktari pia ataangalia kama kuna sababu nyingine. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, mwenye maumivu ya muda mrefu, au mwenye huzuni isiyokwisha na mawazo ya kujiua anahitaji tiba ya hali hiyo. Wengi walianza kunywa ili wafiche huzuni hiyo, nayo hujitokeza pombe inapoondoka.

Kelele za usiku

Mazingira nayo yana mchango. Katika miji inayokua haraka, baa, vituo vya magari na majengo ya kupangisha hukaa bega kwa bega, na muziki hupenya kuta hadi usiku wa manane. Kwa anayeacha pombe adhabu huwa mara mbili: kelele humnyima usingizi, na pia humkumbusha alikozoea kuwa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyobandikwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha John Mututho, iliweka saa za kuuza pombe katika mabaa ya kawaida kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na siku za mapumziko. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 nazo zinadhibiti kelele katika maeneo ya makazi. Wakazi wanaosumbuliwa wanaweza kuwasilisha malalamiko kwa serikali ya kaunti au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA).

Hatua hizo huchukua muda. Kwa sasa, pamba masikioni, pazia zito na kubadilisha njia ya kurudi nyumbani ili mtu asipite mbele ya baa yake ya zamani ni mambo yanayowezekana leo.

Nafasi ya familia

Mke, mume, mzazi au ndugu anayeishi na anayeacha pombe ana nafasi kubwa, hasa usiku.

Asimwambie kwamba amekuwa mkali kuliko alipokuwa akinywa, ingawa huenda ni kweli. Hasira na kusahausahau katika wiki za mwanzo hutokana kwa kiasi kikubwa na uchovu. Asimpe pombe kidogo ili alale kwa kumhurumia. Pombe yote iondolewe nyumbani, pamoja na ile iliyohifadhiwa kwa ajili ya wageni.

Wanaosaidia waraibu hukumbusha mambo manne yanayomrudisha mtu kwenye chupa: njaa, hasira, upweke na uchovu. Usiku wa kukesha huyakusanya yote pamoja. Ni vyema awe na mtu mmoja aliyekubali kupigiwa simu hata saa nane usiku. Makundi ya waraibu waliopona, mfano wa yale ya Alcoholics Anonymous yaliyoanzia Marekani mwaka 1935 na ambayo yapo pia nchini Kenya, humpatia mtu wenzake wa aina hiyo bila malipo.

Wanawake wanaokunywa kwa siri huwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa hawawezi kumweleza mtu sababu ya kukesha kwao. Kwao, mhudumu wa afya anayetunza siri huwa mlango wa kwanza.

Akiteleza je?

Anayerudia pombe usiku mmoja baada ya majuma ya mkesha hajapoteza kila kitu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini anafaa kujua mambo mawili.

Kwanza, mwili uliopumzika hauvumilii tena kiasi alichozoea, na kunywa kama zamani kunaweza kumletea madhara makubwa. Pili, anayetafuta usingizi usiku wa manane huangukia pombe yoyote iliyo karibu na ya bei nafuu, na humo ndimo kifo kinamojificha.

Mnamo 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Februari 2024, watu zaidi ya 10 waliangamia Kirinyaga. Yeyote anayehisi macho yanafifia baada ya kunywa akimbizwe hospitalini papo hapo bila kungoja asubuhi.

Baada ya kuteleza, la kufanya ni kuangalia daftari: ni usiku gani, saa ngapi, na nini kilitangulia. Mara nyingi sababu hujitokeza, mathalan malipo ya mwisho wa mwezi, ugomvi nyumbani au chai ya usiku. Hiyo ndiyo ya kurekebishwa.

Pa kupata usaidizi

NACADA ina nambari ya simu isiyotozwa ada, 1192, ambapo anayeacha pombe au jamaa yake anaweza kuzungumza na mshauri na kuelekezwa kwenye kituo kilicho karibu.

Anayetaka kulazwa katika kituo cha kurekebisha tabia, na vipo vingi katika eneo la Kitengela na viunga vyake, aulize maswali matatu kabla ya kulipa. Je, kituo kimeidhinishwa na NACADA? Je, kuna daktari au muuguzi usiku katika wiki ya kwanza? Je, mgonjwa anaruhusiwa kuwasiliana na familia yake? Kituo kisichoweza kujibu maswali hayo hakifai kuachiwa maisha ya mtu.

Anayeacha pombe asitarajie kulala saa nane bila kushtuka kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza. Dalili kwamba mambo yanatengenea ni ndogo zaidi: kuamka mara mbili badala ya sita, ndoto zinazoanza kutulia, na kufika kazini asubuhi mikono ikiwa imetulia. Hizo zikionekana, ubongo umeanza kupona, na kila usiku unaopita bila pombe huuongezea nafasi ya kuendelea.